Makaa ya Ngaka, gesi ya Msimbati: vilitoka wapi, na kuvirudisha hewani kuna ubaya gani?

SWALI: Mimi ni mzazi, naishi Masasi. Malori ya makaa ya mawe yanapita hapa kwetu yakielekea bandari ya Mtwara, na gesi ya Msimbati tumeisikia miaka mingi. Binti yangu wa kidato cha pili ameniuliza mambo matatu yakanishinda. Kwanza, ni kweli mafuta na gesi ni mizoga ya mijusi wakubwa kama yule wa Tendaguru? Pili, kwa nini sisi kusini tuna makaa na gesi, halafu mafuta yakapatikana Uganda? Tatu, na hili ndilo lililonikwamisha kabisa: kama hiyo kaboni ilikuwa hewani hapo zamani, kuirudisha huko huko kuna ubaya gani? Naomba jibu ambalo na mimi nitalielewa.

JIBU: Mzazi mwenzangu, mwambie binti yako kwamba swali lake la tatu ni gumu kuliko mengi ninayoulizwa na watu wazima, na ndilo litakalochukua nafasi kubwa hapa. Kwa ufupi, ubaya haumo ndani ya kaboni yenyewe, umo katika kasi. Ila kasi hiyo huwezi kuipima kama hujui makaa na gesi vilichukua muda gani kutengenezwa, kwa hiyo inabidi tupitie huko kwanza.

Tuanze na mjusi, tumalizane naye. Mifupa ya mijusi hao wakubwa, yaani dinosaria, ya Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na mmoja wa mijusi wale amesimamishwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Waliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Sasa tazama kilichopatikana pale: mifupa. Nyama na mafuta ya mwili havikuonekana, kwa sababu mzoga wa nchi kavu huliwa na kuozeshwa upesi, na kaboni yake hurudi hewani. Tena wanyama wakubwa ni wachache mno. Hata ungewakusanya wote usingepata mzigo wa kutosha. Mafuta ya petroli hutokana na viumbe vidogo sana wa majini, hasa mwani na vijidudu wanaoelea nao, ambao huzaliwa na kufa kwa matrilioni kila siku na kuzama chini ya bahari au ziwa. Kitabu cha shule kikisema "mabaki ya mimea na wanyama wa kale", binti aandike hivyo hivyo kwenye mtihani, atapata maksi zake. Ajue tu kwamba wengi wa "wanyama" hao wangeenea juu ya ncha ya sindano.

Kuna sharti moja linalotawala habari hii yote, nalo ni kukosekana kwa oksijeni. Mmea unapokua huvuta hewa ukaa, yaani kaboni iliyoungana na oksijeni, na kuifanya mwili wake. Ukifa mahali penye hewa, bakteria na kuvu huula, na hewa ukaa ile ile hurudi ilikotoka. Hesabu hii hulipana karibu sawasawa mwaka hadi mwaka. Panapokosekana oksijeni, yaani chini ya kinamasi au kwenye tope la kina kirefu, waozeshaji hufanya kazi kwa uvivu, na sehemu ndogo ya kaboni hiyo husalia bila kuoza na kufunikwa. Hapo ndipo nishati zote za kisukuku, yaani makaa, mafuta na gesi, zinapoanzia: ni mabaki yaliyochelewa kuoza.

Sasa makaa, kwa kuwa ndiyo yanayopita mlangoni kwenu. Ngaka iko Mbinga. Makaa yake, pamoja na yale ya Mchuchuma kule Ludewa na ya Kiwira kaskazini ya Ziwa Nyasa, yamo ndani ya miamba ambayo wanajiolojia huiita Karoo, na umri wake ni wa kipindi cha Permi, kati ya miaka milioni 300 na 250 iliyopita. Mijusi ya Tendaguru walikuwa bado kabisa kuzaliwa. Afrika wakati huo ilikuwa imeshikana na Amerika ya Kusini, India, Australia na Antaktika katika bara moja, Gondwana, na eneo letu lilikuwa kusini zaidi kuliko lilivyo leo. Barafu kubwa iliyokuwa imefunika sehemu za Gondwana ilikuwa inayeyuka, ikiacha mabonde yenye maji yaliyotuama. Humo kukaota misitu ya kinamasi iliyotawaliwa na mti uitwao glosopterisi, wenye majani yenye umbo la ulimi.

Nitoke njiani kidogo, maana habari ya mti huu naipenda. Waingereza waliokufa njaa na baridi wakirudi kutoka Ncha ya Kusini mwaka 1912, kundi la Robert Falcon Scott, walikutwa na takriban kilo 16 za mawe ambazo hawakukubali kuzitupa hata miguu ilipowaishia nguvu. Ndani ya mawe yale mlikuwa na alama za majani ya glosopterisi. Mti mmoja umeacha majani yake Antaktika, India, Brazili na kwetu: huo ni mmoja wa ushahidi uliowafanya wanasayansi wakubali kwamba mabara haya yaliwahi kuwa kitu kimoja.

Mti ukianguka kinamasini haumaliziki kuoza. Juu yake huanguka mwingine, na mwingine, hadi inajikusanya mboji nzito yenye nyuzi, nyeusi, iliyoloa. Bonde linapozidi kudidimia, mito huleta mchanga na tope na kuizika. Uzito huikamua maji, joto la ardhini huifukuza oksijeni na hidrojeni iliyomo, na kaboni huzidi kuwa nyingi kwa kulinganisha. Wanajiolojia hukadiria kwamba inahitajika mboji ya unene wa mita 10 hivi kupata tabaka la makaa la mita moja. Kwa hiyo ukuta wa makaa unaofikia urefu wa mtu mgodini ni maelfu ya miaka ya misitu iliyolaliana.

Hatua hiyo ya kwanza, ya mboji, haijaisha duniani. Inaendelea sasa hivi. Katikati ya bonde la mto Kongo kuna kinamasi ambacho watafiti walikipima na kutangaza mwaka 2017 kwamba kina mboji kwenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 145,000, yenye kaboni ya takriban tani bilioni 30. Mboji hiyo ilianza kujikusanya zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na kwa kipimo cha makaa huo ni utoto. Mwaka 2022 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliweka sokoni vitalu vya mafuta ambavyo baadhi yake vilipita juu ya kinamasi hicho, na mnada ule ukafutwa mwaka 2024. Rwanda nayo huchimba mboji ya mabonde yake na kuichoma kuzalisha umeme, Gishoma na Gisagara. Kwa joto lile lile, mboji hutoa hewa ukaa nyingi hata kuliko makaa ya mawe. Rwanda wana sababu zao za kuitumia, nchi haina gesi ya baharini wala makaa, ila kwa upande wa hewa hakuna kuni mbaya kuliko hiyo.

Mafuta na gesi vina njia nyingine. Tope la chini ya bahari au ziwa lenye mabaki ya mwani huzikwa, hugeuka mwamba, na mabaki yale huwa kitu kigumu kama nta kiitwacho kerojeni. Ardhi huongezeka joto kadiri unavyoshuka, wastani wa nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Kerojeni ikifika kwenye nyuzi 60 hivi huanza kuvunjika na kutoa mafuta. Ikipita nyuzi 120 hadi 150, mafuta yenyewe nayo huvunjika na kubaki gesi. Mwamba usiofika kwenye joto hilo hubaki mbichi hata ukae miaka milioni mia.

Kisha yanahitajika mambo mengine matatu, na hapa ndipo visima vingi huwatoa watu jasho na kuwa vikavu. Mafuta na gesi ni vyepesi kuliko maji, hivyo hupanda. Panatakiwa mwamba wenye vinyweleo wa kuvipokea, kwa kawaida mwamba wa mchanga. Juu yake mwamba mfinyanzi usiopitisha. Na umbo la mgongo au mkunjo unaovizuia visitoroke pembeni. Watu wengi hufikiri chini kuna ziwa la mafuta au pango lililojaa gesi. Hakuna. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, imekaa ndani ya vinyweleo vya mwamba wa mchanga ambao ukiushika mkononi utauona mkavu na mgumu.

Swali la pili sasa linajibika. Pwani ya kusini miamba iliyozalisha gesi, ambayo huhusishwa hasa na kipindi cha Jura, zama za mijusi wa Tendaguru, imezikwa chini sana, chini ya mashapo manene yaliyomiminwa na mito kama Rufiji na Ruvuma kwa mamilioni ya miaka. Imepikwa kupita kiwango cha mafuta. Isitoshe, mabaki ya mimea ya nchi kavu yaliyosombwa na mito hadi baharini huelekea kutoa gesi zaidi ya mafuta hata yakipikwa taratibu. Ndiyo maana Songo Songo, Msimbati iliyogunduliwa mwaka 1982, na visima vya kina kirefu vilivyofuata kuanzia 2010 vyote vimetoa gesi.

Uganda ni mambo ya Bonde la Ufa. Ziwa Albert limekaa juu ya ufa uliodidimia haraka na kujazwa mashapo ya kilomita kadhaa, na mwani wa maziwa yaliyotangulia ndio uliopikwa huko. Miamba yenyewe ni michanga, ya mamilioni machache ya miaka ukilinganisha na ya kwenu, lakini imeshuka hadi kwenye joto la mafuta na haijapita. Michirizi ya mafuta kandoni mwa ziwa iliandikwa na mwanajiolojia E. J. Wayland katika miaka ya 1920. Kisima cha kwanza kilichimbwa Butiaba mwaka 1938. Mafuta ya kibiashara yakathibitishwa mwaka 2006. Mafuta ya mwani wa ziwani huwa na nta nyingi. Hayo ya Ziwa Albert, kama yale ya Lokichar huko Turkana, huganda kwenye joto la kawaida la chumba. Hiyo ndiyo sababu bomba la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, la kilomita 1,443, limesanifiwa kupashwa joto njia nzima hadi nyuzi 50 hivi. Tabia ya mwani uliokufa kabla ya binadamu kuwapo imeamua gharama ya bomba la leo.

Haya, kaboni yenyewe.

Tuweke tarakimu kwanza. Kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi, dunia sasa hutoa hewa ukaa inayozidi tani bilioni 37 kwa mwaka, ambamo kaboni tupu ni tani bilioni 10 hivi. Upande wa pili wa mizani, bahari zote za dunia huzika kwenye matope yake kaboni ya mabaki ya viumbe inayokadiriwa kuwa kati ya tani milioni 100 na 200 kwa mwaka, na katika hiyo ni sehemu ndogo sana itakayokuja kuwa mafuta yanayochimbika. Hapo una kasi mbili: tunatoa kwa mwaka mmoja kile ambacho maumbile yangehitaji miaka 50 hadi 100 kukizika, tena kukizika tu, kabla hakijapikwa wala kunaswa. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Jeffrey Dukes, alipiga hesabu ya kurudi nyuma akakadiria kwamba lita moja ya petroli ilihitaji zaidi ya tani 20 za mabaki ya viumbe vya kale, kwa sababu karibu yote mengine yaliozea njiani. Mtu wa bodaboda anachoma lita mbili tatu kwa siku.

Na usishangae nikikwambia lita hiyo moja ya petroli, yenye uzito wa robo tatu ya kilo, hutoa hewa ukaa ya kilo 2.3. Wanafunzi hunikatalia hapa. Uzito wa ziada ni oksijeni: kila chembe ya kaboni huungana na chembe mbili za oksijeni kutoka hewani, na oksijeni ndiyo yenye uzito mkubwa kati yao.

Binti anasema kaboni hii ilikuwa hewani zamani, na yuko sahihi. Tena ushahidi mmojawapo mzuri umetoka mkoani kwa jirani zenu. Wanasayansi wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, walichoronga visima vifupi vya utafiti Kilwa na Lindi, si kwa kutafuta gesi bali kwa sababu udongo mfinyanzi wa huko umehifadhi maganda ya viumbe vidogo vya baharini yakiwa safi kama kioo. Kemia ya maganda hayo huweka kumbukumbu ya bahari na hewa ya wakati wake. Mwaka 2009 Paul Pearson na wenzake walitumia sampuli hizo kuonyesha kwamba hewa ukaa ilishuka pale barafu ya Antaktika ilipokuwa inaanza kujikusanya, takriban miaka milioni 34 iliyopita. Kabla ya hapo hewa ukaa ilikuwa nyingi kuliko leo, Antaktika haikuwa na barafu kubwa, na usawa wa bahari ulikuwa juu kwa makumi ya mita.

Kwa hiyo ndiyo, dunia imewahi kuishi na kaboni nyingi hewani. Haikuwa na Dar es Salaam, Mombasa wala Zanzibar kandoni mwa bahari hiyo. Haikuwa na mahindi, korosho, wala msimu wa masika ambao mkulima ameupangia kalenda yake. Mimea na wanyama wa wakati ule walikuwa wamezoea hali hiyo kwa mamilioni ya miaka, na mabadiliko yalipokuja taratibu wengi waliweza kuhama au kubadilika. Yalipokuja kwa haraka, kama yalivyokuja miaka milioni 56 hivi iliyopita, joto lilipanda kwa nyuzi tano au zaidi ndani ya maelfu ya miaka, na viumbe wengi wa sakafu ya bahari wakatoweka. Hata kaboni ya tukio hilo inaonekana ilitoka polepole kuliko tunavyoitoa sisi. Ndiyo maana nikasema kasi.

Hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni ya hewa kabla ya viwanda. Charles David Keeling alipoanza kuipima mlimani Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa 315 hivi. Sasa imepita 420. Kuna watu, na wengine wana elimu yao, wanaosema hiyo ni volkano. Volkano zote za dunia hazifikishi asilimia moja ya tunachotoa sisi. Na kuna alama isiyodanganya: mimea hai ina kiasi kidogo cha kaboni-14, aina nadra ya kaboni ambayo nusu yake hupotea kila miaka 5,730. Makaa ya Ngaka yaliyolala zaidi ya miaka milioni 250 hayana hata chembe. Hans Suess alionyesha mwaka 1955 kwamba kaboni-14 ya hewani ilikuwa imechujuka kwa kuchanganywa na kaboni kongwe isiyo nayo. Kaboni hiyo kongwe ilitoka kwenye majiko ya viwanda.

Inaleta joto vipi? Mwanga wa jua hupita hewani bila shida na kuipasha ardhi. Ardhi nayo hurudisha joto juu kwa mionzi isiyoonekana, na hewa ukaa huinyonya mionzi hiyo, kisha hutoa sehemu yake kurudi chini. Jambo hili si geni: Eunice Foote alipima mwaka 1856 jinsi hewa ukaa inavyoshika joto, na John Tyndall akaeleza kazi ya mionzi miaka michache baadaye. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza ambao wastani wa joto la dunia ulipita nyuzi 1.5 juu ya ule wa kabla ya viwanda.

Zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo la ziada limekwenda baharini, na huko ndiko sisi watu wa pwani tunakolipia kwanza. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya Tanzania, Kenya na Shelisheli yalipauka, na mengi yakafa; samaki wanaozaliana humo hupungua, na anayejua hilo mapema ni mvuvi wa dema. Joto la mwaka ule lilisukumwa na El Niño, ndiyo, lakini El Niño sasa hupanda juu ya bahari ambayo tayari ina moto wake. Bahari pia humeza karibu robo ya hewa ukaa tunayotoa, nayo huigeuza kuwa tindikali hafifu ambayo huyasumbua matumbawe na konokono wa baharini wanapojenga maganda. Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, asilimia 7 hivi kwa kila nyuzi moja, ndipo mvua zikija huja kwa kishindo. Kimbunga Kenneth kilichopiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, Aprili 2019, na kuiweka Mtwara kwenye tahadhari, siwezi kukwambia kilisababishwa na makaa, vimbunga vilikuwapo. Ninachoweza kusema ni kwamba vimbunga hula joto la bahari, na chakula hicho kimeongezeka.

Ziwa Tanganyika ndilo mfano unaonivutia zaidi, kwa sababu mambo yote mawili yanatokea ndani ya maji yale yale. Sehemu kubwa ya kina chake haina oksijeni kabisa. Mwani unaozama huko hujizika kwenye tope, na huenda miaka milioni kadhaa ijayo ukawa mafuta. Wakati huo huo joto la juu limefanya maji yasichanganyike kama zamani, kwa hiyo rutuba iliyoko chini haipandi vya kutosha kuulisha mwani wa juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba samaki wangeweza kupungua kwa asilimia 30. Uvuvi wenyewe uliokithiri umechangia, hilo wavuvi wa Kigoma wanalijua.

Athari za karibu na mgodi nazipitia haraka, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa zinaonekana kwa macho na sheria zake zipo. Lori lisilofunikwa turubai humwaga vumbi, na vumbi laini huingia hadi ndani ya mapafu. Makaa huwa na madini ya salfa na chuma. Yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali inayoweza kutiririka hadi kijitoni, hivyo maji yanayotoka mgodini lazima yapimwe na kutibiwa. Makaa ya Gondwana kwa kawaida yana majivu mengi, na majivu hayo yanahitaji pa kuwekwa. Kama hapo Masasi malori yanapita wazi, hilo ni la kulifikisha kwa uongozi wa wilaya leo, halingoji mkutano wa dunia.

Nimalizie na gesi, maana barua yako imeitaja na watu huchanganya. Gesi ya Msimbati na Songo Songo karibu yote ni metani. Inakwenda kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme na kuendesha viwanda na baadhi ya magari. Mtungi unaonunua dukani Masasi hauna gesi hiyo. Ndani yake kuna propani na butani, zinazotokana na mafuta ghafi na visima vya nchi nyingine, na huletwa kwa meli. Zote mbili ni za kisukuku. Metani ikichomwa vizuri hutoa hewa ukaa pungufu kwa asilimia 40 hivi kuliko makaa kwa joto lile lile, lakini ikivuja bila kuchomwa hushika joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa katika miaka 20 ya kwanza. Kuvuja kwa asilimia chache tu kunaifuta faida yote, kwa hiyo mtu anayesifu gesi bila kutaja mabomba na vali amesema nusu ya habari.

Maoni yangu, na wapo wenzangu wasiokubaliana nami: mama anayeacha mkaa na kuni akahamia mtungi simhesabii dhambi yoyote. Anaokoa mapafu yake na ya watoto, na anaipumzisha miti ya miombo. Mtanzania kwa wastani hutoa chini ya nusu tani ya hewa ukaa ya nishati kwa mwaka. Mmarekani hutoa takriban tani 14. Gesi tuliyonayo itatusaidia kusukuma umeme pale maji ya Rufiji yanapopungua kwenye Bwawa la Julius Nyerere. Makaa nayaona tofauti. Mtambo wa umeme wa makaa ukijengwa leo utadai kulishwa kwa miaka 40, huku bei ya umeme wa jua ikiwa imeshuka sana, na mkopo wake utalipwa na kizazi cha binti yako hata ukizimwa. Yale yanayosafirishwa kupitia Mtwara yanaandikwa kwenye hesabu ya nchi inayoyachoma, si yetu, na ushuru wake ni fedha halali kwa halmashauri. Hewa haina mpaka wa forodha, lakini. Mimi ningependa angalau sehemu ya ushuru huo ionekane Mbinga na njiani hadi kwenu, katika maji yaliyopimwa, barabara zilizotengenezwa na paneli za jua juu ya mapaa ya zahanati, wakati wanunuzi bado wapo.